Habari Iliyopitia Meru

Nyoka akiingia chumbani mwako, huna haja ya kuuliza ni nani mwenye fimbo ndefu kuliko zote katika Kenya hii. Fimbo hiyo inaweza kuwa ya mpingo, ina pete za fedha, na imesifiwa na watu wa kila mji. Ikiwa iko Nairobi nawe uko Sabaki, nyoka atakuuma, atapumzika, na akipenda atakuuma tena. Itakayomuua ni ile iliyo karibu na mkono wako, hata ikiwa ni mchi wa kinu au ufito uliochomolewa uani. Ndiyo maana wazee wetu wakatuusia kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka: msaada ulio mbali, uwe mkubwa uwavyo, haumfai mtu saa ya dhiki yake. Ajabu ni kwamba methali hii sote tunaijua, tumeiandikia insha tangu tuko wadogo, na bado tukipatwa na jambo tunafanya kinyume chake. Kama huamini, sikiliza yaliyomkuta Kanze.

Kanze alikuwa mjane wa makamo, mkulima wa bamia na mchicha kando ya mto Sabaki, mwenye maneno machache na uzio mrefu. Uzio wenyewe ulikuwa wa makuti, umekazwa barabara hata kuku wa jirani hakuweza kuchungulia ndani. Kauli yake ilikuwa moja tu: kikulacho ki nguoni mwako. Kwake yeye, mtu wa kuogopwa hakuwa tapeli wa mbali, bali yule aliye karibu, anayejua leo umepika nini na nani amekohoa usiku.

Naye alikuwa na sababu, japo sababu yenyewe haikuwa na miguu. Mkaza mwanawe, Everlyne, alikuwa ameharibikiwa na mimba mara mbili. Ya kwanza ilisifiwa na kila mpita njia, ikatoka. Ya pili iliombewa kanisani mbele ya umati, nayo ikatoka. Daktari alieleza sababu zake za kidaktari, Kanze akaitikia kwa kichwa, lakini moyoni alikuwa ameshakata shauri kwamba ni macho ya watu. Basi mimba ya tatu ilipoingia, ilifichwa kama mali ya wizi. Everlyne alivishwa madera mapana, akakatazwa kwenda bombani, na kila aliyeuliza habari zake akaambiwa yuko Marereni, kwa mumewe Ngumbao aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Kumbe maskini yuko chumbani, anahesabu makuti ya paa.

"Mama, mimi nimechoka kujificha," alimwambia mama mkwe wake siku moja. "Nimeolewa, sikuiba mtu."

"Nyamaza, mwanangu," Kanze akamjibu. "Ukishajifungua salama, utatoka ukacheze ngoma katikati ya barabara ukitaka."

Aliyeogopwa kuliko wote alikuwa Jedida, jirani wa ua wa pili. Jedida na mumewe Dedan walikuwa wametoka Meru miaka mingi iliyopita, na Dedan alikuwa na lori bovubovu la kubeba mchanga wa ujenzi. Jedida alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na moyo mweupe, lakini sauti ilimtangulia moyo. Siku moja bombani, mbele ya watu, aliropoka kwa furaha, "Mama Ngumbao! Nilimwona Everlyne mlangoni! Ana miezi mingapi sasa?"

Kanze nusura auangushe mtungi. Huko alikotoka Jedida, hayo yalikuwa maneno ya kumpongeza mtu. Kwa Kanze, mimba haihesabiwi na mdomo wa mtu baki, na anayeihesabu ana lake jambo. Alijitwika mtungi wake akaondoka bila kujibu. Tangu siku hiyo salamu zao zikawa fupi, zikarushwa juu ya uzio kama maganda.

Alhamisi moja alfajiri, Everlyne aliamka akakuta shuka lina damu.

Walimkimbiza hospitali moja mjini Malindi. Daktari alimpima, akaeleza taratibu kwamba kondo la nyuma limekaa chini na kuiziba njia ya mtoto. Mtoto ni mzima na amekomaa, lakini hatazaliwa kwa njia ya kawaida. Itabidi mama apasuliwe Jumamosi asubuhi. "Ila siwezi kumpeleka mezani bila damu ya akiba," daktari alisema. "Mgonjwa wa hali hii akianza kumwaga damu, humwaga kama mfereji. Na akiba yetu ya kundi lake imekwisha."

Kundi lake lilikuwa O. Ngumbao, aliyekuja mbio kutoka Marereni na chumvi bado imemganda kwenye viatu, alipimwa akawa B. Vivian, binti mdogo wa Kanze, mizani ilimkataa kwa wembamba wake. Kanze mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu, hata mkono wake hawakuugusa.

Muuguzi wa zamu, msichana mchangamfu aitwaye Lynn, aliwatuliza. "Mama, usihangaike. O si kundi la kutafutwa kwa tochi, ndilo la watu wengi. Nenda nyumbani, ukusanye majirani, uje nao kesho asubuhi. Ukileta wachache tu hatukosi watatu. Lakini waje wenyewe, kwa miguu yao, maana damu ikishatolewa hupimwa kwanza."

"Majirani?" Kanze aliuliza, kana kwamba ameambiwa alete fisi.

"Ndiyo, majirani. Hamna majirani huko?"

Walikuwepo, tena wamejaa tele, kutoka mtoni hadi barabarani. Lakini Kanze aliona afadhali apasue mtungi kuliko kwenda kwa Jedida na wenzake akatangaze kwamba yule aliyesemwa yuko Marereni yuko kitandani Malindi, mimba imefika ukingoni na damu zinamtoka. Si ndiyo watammalizia kabisa? Hapo ndipo Vivian alipochomoa simu yake.

Vivian alikuwa msusi mjini Malindi, na kwa mtandao hakuwa na mpinzani. Picha za nywele alizosuka zilitazamwa hadi ng'ambo. "Mama, mambo ya kuzunguka na kubisha hodi yamepitwa na wakati," alisema. "Naweka tangazo Fesibuku na kwenye makundi yote ya Wasapu. Kufikia kesho watu watapanga foleni hapa."

Kanze alifikiri. Watu wa mtandaoni hawamjui, hawamwoni, wala jicho lao haliwezi kumfikia Everlyne. Wazo lilimpendeza. Ila alitoa masharti. Jina la mgonjwa lisitajwe. Sura yake isionekane. Sabaki isitajwe, Malindi isitajwe, hospitali isitajwe, na neno mimba lisionekane hata kwa mbali, watu wa kwao wasije wakaelewa. Na nambari ya simu iwe ya Kanze mwenyewe, maana hakutaka wanaume wageni wampigie binti yake.

"Sasa Mama, wataijuaje njia?" Vivian aliuliza.

"Watapiga simu. Nikishamjua mtu ni nani, nitamwelekeza."

Basi tangazo likaenda hivi: "Ndugu zetu, mgonjwa wetu mpendwa hapa Pwani anahitaji damu ya kundi O kwa haraka sana. Mwenye moyo apige nambari hii. Sambaza uokoe maisha." Juu yake Vivian aliweka picha ya mkono wa Everlyne wenye mpira wa maji ya dawa. Ilikuwa picha ya kutia huruma kwelikweli, na dunia ikahurumika.

Ijumaa asubuhi, Kanze alikuwa kwenye benchi la hospitali, kisimu chake cha kubonyeza mkononi, nacho hakikunyamaza.

"Halo, nimeona tangazo. Ni wapi huko?"

"Pwani," Kanze alijibu.

"Pwani ni kubwa, mama. Lamu ni Pwani, Lungalunga ni Pwani. Ni hospitali gani?"

"Wewe ni nani kwanza?"

"Mimi ni mtu ninayetaka kutoa damu!"

"Wa ukoo gani? Wazazi wako ni wa wapi?"

Yule mtu akakata simu. Kanze aliitazama simu kwa hasira, akaguna, "Si mnaona? Angekuwa mtu mwema angejitambulisha."

Akapiga mwingine kutoka Eldoret. Huyu hakutaka kuja, alitaka kuomba, na aliomba. Aliombea mgonjwa, akaombea madaktari, akaombea serikali, akarudi tena kwa mgonjwa. Kanze hakuthubutu kumkata mtu aliye mbele za Mungu, akashikilia simu sikioni mpaka sikio likapata moto. Baada yake akaja mama wa Thika aliyekuwa na unga mwekundu wa viazisukari. "Damu haitafutwi, mama, damu hunywewa," alisema, na alikuwa tayari kutuma mkebe. Akaja kijana aliyeko Qatar, mwenye kundi O hasa, aliyeapa kwamba angekuwa karibu angetoa mikono yote miwili, na akauliza kama wanaweza kumsubiri hadi likizo ya Desemba. Huyu alikuwa mkweli, na Kanze alimshukuru. Lakini shukrani haiingii mshipani. Wa baada yake alimtukana. "Nyinyi matapeli mmezidi! Hospitali haina jina, mgonjwa hana jina, mnatuona wajinga?"

"Mulungu wangu!" Kanze alimaka. "Tapeli mimi?"

Vivian naye alikuwa pembeni, macho kwenye kioo, furaha imemjaa. "Mama! Tumefika elfu tisa!"

Kanze aliruka. "Elfu tisa nini? Chupa?"

"Watu waliosambaza, Mama. Na soma maoni yao: 'Pole sana.' 'Mungu ni mwema.' 'Amina.' 'Amina.' 'Tuko pamoja.'"

"Wako pamoja na nani? Hapa kwenye benchi niko na nani?"

"Mama nawe! Haya mambo huanza hivi."

"Yataisha vipi ndiyo nauliza. Hao elfu tisa, aliyepita pale mlangoni ni nani?"

Vivian alitazama mlango. Alikuwa amesimama pale mzee mmoja muuza magazeti, basi.

Jua lilipopanda, uvumilivu wa Kanze uliisha. Alimwacha Vivian na Ngumbao na mgonjwa, akachukua bodaboda hadi Sabaki, apike uji na kuchukua leso safi. Njia nzima simu ililia kifuani mwake. Alipoingia uani, ikalia tena.

"Mama, habari? Napiga kuhusu lile tangazo."

"Una kundi O?"

"Hapana, mama. Nimeona aliyeliweka anaitwa Vivian. Je, ameolewa?"

Kanze alimjibu maneno ambayo hayafai kuandikwa katika hadithi ya kusomwa na watoto. Kabla hajamaliza kufura, simu ikalia tena, naye akapokea kwa kishindo. "Sema! Na wewe unataka mke?"

"Mama, ni mimi Lynn wa hospitali! Simu yako ina nini? Nakupigia tangu uondoke, inasema inatumika! Ulipoondoka tu Everlyne ameanza kutoka damu tena. Si nyingi, lakini daktari hataki kungoja kesho. Tukipata damu leo, anapasuliwa leo. Tusipopata..." Lynn hakumaliza. "Wale majirani niliokuambia wako wapi?"

Kanze aliketi kitako mchangani, hapo hapo uani. Alitaka kulia, lakini hasira ilitangulia machozi: hasira kwa mtandao, kwa muomba dua wa Eldoret, kwa mposaji, na chini kabisa, mahali ambapo hakutaka kutazama, hasira juu yake mwenyewe.

"Mama Ngumbao!" Sauti kubwa ilipasua uzio. "Hodi! Hodi hapo! Leo nitaingia hata usiponikaribisha!"

Alikuwa Jedida. Alisukuma lango akaingia, uso umemwiva, simu mkononi.

"Shikamoo, mama. Hebu niambie, hii ni nambari ya nani?" Alimwonyesha kioo. Palikuwa na picha ya mkono wa Everlyne, maandishi ya Vivian, na chini yake nambari ya Kanze. "Dada yangu amenitumia leo asubuhi. Dada yangu yuko Meru! Ati ananiuliza, 'Huko Pwani kwenu kuna mgonjwa, wamjua?' Natazama nambari, naona ni jirani yangu! Mtu tunayepakana naye makuti! Habari imetoka hapa ikaenda Meru, ikapanda mlima, ikarudi kwangu, na mimi nimelala hatua chache kutoka mlangoni pako!"

"Jedida..."

"Nimekupigia asubuhi nzima, inatumika. Nikaja kubisha, lango limefungwa. Nikataka kwenda hospitali, lakini ipi? Hamkuandika! Mama, nyinyi mlikuwa mnatafuta damu au mnatega kitendawili?"

Mwenye haki ya kukasirika alikuwa amesimama mbele ya Kanze, naye aliyekosa alikuwa ameketi mchangani. "Ni Everlyne," Kanze alisema. "Ana mimba. Anatoka damu. Nilikuficheni kwa sababu niliogopa macho yenu. Na sasa atakufa kwa sababu ya uoga wangu."

Jedida alivuta pumzi. Hasira ilimshuka usoni. "Hatakufa. Mimi ni O, nilipimwa nilipomzaa mwanangu wa mwisho. Lakini mmoja hatoshi. Waite watu."

"Niite vipi? Simu imejaa wa—"

"Achana na simu! Si mlisema nyinyi watu wa hapa mtu akifikwa hupiga yowe? Piga. Mgonjwa ni wako. Mimi nikiita watadhani ni kwangu."

Yowe ni jambo kubwa huko. Halipigwi kwa mchezo, na akilisikia mtu hana ruhusa ya kujifanya kiziwi. Kanze, aliyeishi miaka yote akiziba mianya ya uzio wake isitoke hata kunong'ona, alisimama katikati ya ua, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe lililowarusha ndege kwenye mikorosho.

Watu walimwagika kama siafu. Masha wa bodaboda alikuja na panga akidhani ni mwizi. Sidi, mama wa mkabala, alikuja na ndoo ya maji akidhani ni moto. Mzee Tsuma, mwenye goti baya, alifika akihema na fimbo ameiinua juu. "Yuko wapi? Yuko wapi huyo nyoka? Msimpishe!" Dedan alitokea na vijana wake wa mchanga, koleo bado mikononi. Kwa muda mfupi ua ambao haukuwahi kumkaribisha mtu ulijaa pomoni.

"Hakuna nyoka," Kanze alisema. "Ni Everlyne wangu. Yuko hospitali Malindi, anahitaji damu."

"Si uliniambia yuko Marereni?" Masha aliuliza.

"Nilikudanganya. Yuko... ana..."

"Ana mimba," Sidi alimalizia, akiweka ndoo chini. "Mama Ngumbao, kwani wewe wadhani dera ni ukuta? Tunajua tangu mwezi wa tatu."

"Mnajua?"

"Kijiji kizima! Tulinyamaza kwa sababu tuliona hupendi isemwe. Mimi humwombea kila Jumapili, tena kwa kunong'ona, usije ukasikia ukanuna."

Kanze alijifunika uso kwa leso. Macho yale aliyoyaogopa kumbe yalikuwa yamefumbwa kwa heshima yake.

"Haya, kulia baadaye," Jedida alisema. "Dedan, washa lori!"

Lori lilikuwa nusu limejaa mchanga wa mteja, na hapakuwa na wakati wa kuumwaga. Watu walikaa juu yake, Mzee Tsuma akapandishwa mbele na goti lake, wakavuka daraja la Sabaki vumbi likiwafuata. Kanze alibanwa kati ya Tsuma na Dedan. Simu yake ililia tena. Aliitazama, akaizima.

Muuguzi Lynn alipoona watu wenye mchanga hadi kwenye kope wanaingia kwa mkupuo, alishika kiuno. "Lo! Hawa ndio wa mtandaoni?"

"Hawa ni wa uani kwangu," Kanze alijibu.

Wakanawishwa, wakapimwa mmoja mmoja. Dedan alikuwa A, akasikitika kama mtu aliyeanguka mtihani. Mzee Tsuma alikataliwa kwa umri, akagomba sana, akisema damu yake imekomaa kuliko ya watoto hawa. Lakini Jedida alikuwa O kama alivyosema. Masha alikuwa O. Sidi alikuwa O. Vijana wawili wa mchanga nao walikuwa O, na mmoja wao aliogopa sindano hata akaimba wimbo wa kanisani mwanzo hadi mwisho. Watu waliotafutwa kutoka Eldoret hadi Qatar walikuwa wamepatikana baina ya bomba la maji na mto.

Damu ilichukua muda wake kupimwa, na muda huo ulikuwa mrefu kuliko siku. Kanze alikaa benchini, Jedida kando yake na pamba mkononi. Kanze alisema, "Siku ile bombani nilikudhania ubaya bure. Nisamehe, mwanangu." Jedida akajibu, "Nami nina domo kubwa, mama. Nisamehe nawe." Kila mlango ulipofunguliwa wote wawili walisimama. Ngumbao alikuwa ameinamia ukuta, hamwoni mtu.

Jua likiwa linazama, mifuko ya damu ikapelekwa ndani, na Everlyne akasukumwa akafuata. Daktari alikuwa amesema kweli, maana alipasuliwa akamwaga damu nyingi, ikapungua, ikaongezwa, ikapungua, ikaongezwa. Damu ya Jedida iliisha ikaunganishwa ya Masha, ya Masha ikaisha ikaunganishwa ya Sidi. Daktari alipotoka, joho lake limelowa, alisema sentensi moja ambayo Kanze hajaisahau hadi leo: "Ingechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine." Kisha akatabasamu, akasema mama yu hai, na mtoto ni wa kike, ana sauti.

Asubuhi Everlyne alifumbua macho, midomo imemkauka. Alimtazama mtoto, akamtazama mumewe, kisha akamwuliza mama mkwe wake kwa sauti hafifu, "Ni nani walionipa damu? Wale wa simu?"

"Wa simu wameleta amina," Kanze alisema. "Damu ni ya Jedida. Na Masha. Na Sidi wa mkabala, na vijana wa Dedan."

Everlyne alishtuka. "Kwani walijua nipo?"

"Walijua siku zote, mwanangu. Asiyejua alikuwa mimi. Sikujua kama ninao."

Machozi yalimtiririka Everlyne hadi masikioni, naye akawa anacheka pamoja nayo, akijishika mshono kwa maumivu. "Basi, Mama, nikiruhusiwa nitashukia barabarani. Nitatembea mpaka nyumbani mchana kweupe, mtoto wangu mkononi, kila mtu anione."

"Tutatembea wote," Kanze alisema.

Na walitembea. Lango la Kanze tangu hapo halifungwi mchana, na Jedida huingia na sauti yake bila hodi, akauliza anayotaka kuuliza. Lile tangazo la Vivian, kwa upande wake, halijafa hadi leo. Linazunguka huko mtandaoni bila jina wala mahali, watu wanalihurumia na kuliombea. Juzi tu, mtoto ameshaota meno, mtu kutoka Kitale aliandika chini yake, "Jamani, ni hospitali gani, nije?" Njoo, ndugu, karibu sana, moyo wako ni mzuri na hatukulaumu. Lakini Everlyne angekungoja wewe, leo tungekuwa tunatunza kaburi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.